Bi Kwangua na Ukuta wa Mama

Mafundi rangi watatu walikuja kabla yake, na wote watatu niliwatoa mbio. Sina subira, nakiri. Lakini mtu anasimama mlangoni, anautazama ukuta uliobabuka kuanzia juu hadi sakafuni, halafu anakwambia, "Dada, tunapaka juu kwa juu, kesho jioni kazi imekwisha." Hivyo ndivyo walivyofanya wenzake miaka yote, rangi mpya juu ya iliyooza, na ndiyo maana chumba kilikuwa kinatoka magamba.

Chumba chenyewe ni cha mama yetu. Kiharusi kilimwangusha miezi saba nyuma, na tangu siku hiyo alilala kaugeukia ukuta, kimya. Daktari hakutuficha: ulimi unaweza, mkono unaweza, mgonjwa ndiye asiyetaka, na akizidi kukaa hivyo vitasahau kazi yake. Tukaingiwa na hofu. Tulidhani chumba kikipendeza labda atachangamka.

Wa nne alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mabega mapana. Watu humwita Bi Kwangua, kwa kuwa kazi yake huanza kwa kukwangua, na wenye haraka husema haiishi. Aliolewa na fundi rangi, akawa anamkorogea rangi. Mume alipoanza kushikwa na kizunguzungu juu ya ngazi, wakabadilishana: mke akapanda, mume akashika ngazi. Waliowacheka ndio hao hao waliokuja kumwita awapakie nyumba.

Alipofika kwetu hakuuliza habari za rangi. Alimwamkia mama, "Shikamoo, mama," kisha akangoja, kama vile jibu lipo njiani. Halikuja. Basi akapiga magoti kando ya kitanda, akalaza kichwa karibu na cha mama, akautazama ukuta kutoka pale.

"Mwenye ukuta ni huyu," akasema. "Nyie mnaopita mlangoni ni wageni tu."

Nikajisemea moyoni, leo nimepata kituko.

Mama tukamhamishia sebuleni. Bi Kwangua akaziba mlango kwa shuka bichi, akalowesha ukuta kabla ya kuugusa. Vumbi la rangi ya zamani, alisema, ni sumu, halifagiliwi kavu hata siku moja. Alikwangua siku tatu. Ilitoka ya maziwa, ikatoka ya buluu, ikatoka ya waridi ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau. Alikuwa akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole, sikio kaliegesha. "Hapa pana uongo," anasema, na kweli akibomoa plasta inaanguka kama mkate mkavu.

"Fundi," nikamwambia, "najua haraka haraka haina baraka, lakini hii polepole nayo imezidi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Tulipokunywa chai akaniuliza mama alikuwa mtu wa kazi gani. Nikamwambia alishona sare za shule, na mshono ukiruka hata mmoja alikuwa anafumua nguo nzima, utake usitake.

Siku ya sita ilikuwa ya kupaka. Akataka mama aletwe, aketishwe kitini dirishani penye hewa. Nilitaka kubisha, nikaona aibu. Kisha nikasahau kubisha. Alivuta brashi pale ukuta unapokutana na dari, bila utepe, bila rula, mkono mmoja tu kutoka kona hadi kona, na mstari ukanyooka. Nilikuwa nimezuia pumzi. Nimeishi duniani miaka arobaini na mbili na sikujua mkono wa binadamu unaweza hivyo.

Akamaliza, akarudi nyuma. Katikati ya ukuta palibaki doa la ukubwa wa kiganja, halijaguswa. Nikafungua kinywa nimkaripie. Akanitazama mara moja tu, nikakifunga. Akainama, akaanza kufunika ndoo taratibu.

"Umeruka."

Sauti ilikwaruza. Ilikuwa ya mama.

Nikaketi pale pale sakafuni. Bi Kwangua hata hakushtuka. "Samahani, mama. Wapi? Hapa?"

"Juu."

"Hapa?"

"Juu... kulia." Na ule mkono uliolala miezi saba ukatoka mapajani, ukatetemeka hewani, ukaonyesha. Nililia kwa sauti, sikujali nani ananisikia.

Baadaye nikamfuata nje bombani, akiosha brashi. "Uliacha makusudi?"

"Mnamlisha, mnamwogesha, mnamgeuza," akasema. "Hakuna aliyemwachia kazi."

Nilimtazama tu yule mwanamke mfupi, rangi kwenye nyusi, nikamwogopa kwa heshima.

Sauti ikatoka dirishani, nzito, ya kuamrisha. "Na kona!"

"Kona nayo uliiacha?" nikauliza.

Bi Kwangua akaikung'uta brashi maji, akaanza kurudi ndani mbio mbio. "Hiyo nimeruka kweli."