Mzinga Mtupu Juu ya Muringa

Siku yangu ya kwanza kufundisha maadili ya mazingira, katika chuo kimoja hapa Manyatta, Embu, wanafunzi walidhani nimekuja kuwagawia mafagio. Mmoja aliuliza kama takataka tutaokota kabla ya chai au baadaye. Nilicheka, lakini moyoni sikuwa na raha. Nje ya dirisha letu ulisimama muringa mkubwa wenye kivuli kizuri, na mkuu wa chuo alikuwa ameagiza ukatwe Ijumaa hiyo ili tupate mahali pa kuegesha magari. Niliupenda mti ule, wala sioni haya kusema.

"Ukikatwa, nani ataumia?" nikawauliza.

Kijana mmoja wa Mikinduri akasema, "Ni wewe, Mwalimu. Jua itakupiga."

Darasa likaangua kicheko. Nikaliandika jibu lake ubaoni, maana hata hilo ni jibu.

Msichana wa Kiambere akainua mkono. "Kwetu, mti ikiwa na mzinga ya mtu, haikatwi. Lazima mwenyewe aitwe kwanza."

Mimi sikuwatuma, naapa. Lakini Ijumaa asubuhi nilikuta mzinga wa gogo umening'inizwa kwenye muringa, mpya, hauna nyuki hata wa dawa. Fundi wa msumeno wa injini alifika, akauwasha, akatazama juu, akauzima.

"Hii mzinga ni ya nani?"

"Ni yetu!" darasa zima likaitikia kutoka dirishani.

"Basi mimi siguzi. Kukata mti iko na mzinga ya mtu ni kujitafutia laana, na niko na watoto."

Mkuu wa chuo, naye ni mzaliwa wa huku huku, aliutazama mzinga. Akamwita fundi pembeni, wakaondoka wakizungumza. Sisi tukapiga makofi na vigelegele. Kwa dakika chache nilijiona mwalimu bora Embu nzima, na nikaanza kueleza kwa madaha jinsi mila zinavyolinda misitu.

Sijamaliza sentensi, msumeno ukanguruma nyuma ya jikoni.

Tulikimbia, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Mti wa mukima ambao wapishi walizoea kukaa chini yake kuchagua maharagwe ulikuwa umelala chali, na mkuu wa chuo alikuwa tayari anapima kwa hatua mahali gari lake litakapokaa. Wapishi walisimama na nyungo zao, wakitafuta upande wenye kivuli. Niliona aibu.

Hakuna aliyecheka. Msichana wa Kiambere alitazama kisiki, halafu akanitazama mimi.

"Mwalimu, hii hakuna mtu ameuliza ni ya nani."

Niliwaambia wakae chini pale pale, juani, tuanze somo.