Mmea Uliofunga Kwaresima

Kitu pekee nilichochukua dirishani kwa marehemu mama, kule Nakuru, ni mmea wa kuning'inia, majani yake mviringo kama njegere zilizotungwa kwenye uzi. Niliupakata njia nzima hadi Juba, nikautundika kwenye dirisha la sebule ya mama mkwe, mtaa wa Nyakuron. Mmea huo huweka maji yake ndani ya majani, na ukiunywesha kila siku unaoza. Mama alikuwa akiungoja mpaka njegere zinywee kidogo, ndipo aunyunyizie. Niliapa hautafia mikononi mwangu.

Nilisahau naishi na nani. Kwa mama mkwe, hata polisi akibisha hodi kwa ubaya ataketishwa, aletewe maji, kisha ndipo aulizwe shida yake. Basi kila nikirudi kazini nakuta udongo umekuwa uji. Njegere zilivimba, zikapasuka, zikaanguka sakafuni, nami nikazifagia huku nikisaga meno.

"Mama, huu haupendi maji."

"Nani hapendi moya?" Kiswahili chake alikiokota sokoni Arua, enzi za ukimbizi, na Kiarabu cha Juba hakijawahi kumwacha; maji kwake ni moya. "Hii maua iko na kiu. Wewe iko na roho ngumu!"

Nikautundika juu zaidi. Akapanda kiti. Nikaona sasa nitapoteza mmea na kiuno cha mama mkwe kwa pamoja. Kwaresima ilipoingia nikamdanganya bila haya: nikasema mmea umefunga.

Hilo alilielewa. Jagi lilikaa jikoni, na wanawake wa kanisa walipokuja aliwaonyesha mmea dirishani kwa fahari. "Hata maua ya hii nyumba inafunga," aliwaambia, akiwatazama hasa wale wanene. Udongo ukakauka, vikonyo vilivyosalia vikachipua, nami nikaanza kulala usingizi.

Ila kila mfungo una mwisho wake. Asubuhi ya Pasaka nilimkuta dirishani kwa kitenge kipya, amesimama juu ya kiti, jagi mkononi. Lile kubwa.

"Mama, tafadhali! Utauua!"

"Kufunga imeisha." Alinitazama kama mtu anayemweleza mtoto jambo rahisi. "Wewe ulisema hii ilitoka kwa mama yako. Mama yako hakufika hapa akiwa mzima. Sasa yeye amekuja nyumba yangu. Mimi nitanyima yeye moya namna gani?"

Muda wote huo nilimkasirikia, kumbe alikuwa akimkaribisha mama. Nililia palepale, na nguo zangu za kanisani.

Nikamwomba glasi. Aliijaza mpaka ikafurika. Nikaudondoshea mmea kijiko kimoja, na yaliyobaki nikayanywa yote mbele yake, kwa niaba ya mama.

"Mgeni ameshiba?" akauliza.

"Ameshiba, mama."

Akanijazia tena.