Siku Nilipoanua Nguo Zangu Tu

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya masika, nikiwa mpangaji mpya Kariakoo, nimetoka Moshi juzijuzi na kiburi changu chote. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba sita, ua mmoja, bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo. Mvua ilipoanza nikakimbilia uani, nikaanua nguo zangu tu. Za wenzangu nikaziacha zilowe. Nilijiambia kila mtu na vyake, tena nikajiona mjanja!

Kumbe pale kambani ilikuwepo sare nyeupe ya Rehema, binti wa jirani yangu muuza vitumbua. Mchana ule ule alikuwa anahitimu uuguzi, na sare alikuwa nayo hiyo hiyo moja. Yeye alikuwa saluni, mama yake sokoni. Waliporudi, sare inachuruzika maji na umeme umekatika. Mama wa watu akakaa mlangoni akalia.

Bi Mwanaidi, mpangaji wa siku nyingi kuliko sote, akanitazama.

"Anna, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, bibi."

"Hapa mvua ikinyesha anaanua aliyepo. Hatuulizi za nani. Haya, njoo."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilidhani ananiita kunifukuza, kumbe ananikabidhi pasi yake ya mkaa. Wenzangu wakaikamua sare ndani ya kanga kavu, mmoja akapepea jiko. Mimi nikapiga pasi, kola, mikono, mgongo, huku naogopa kuiunguza, jasho na jivu vimenijaa usoni. Kufika saa saba mvua ilikuwa imeacha, na sare ilikuwa kavu na imenyooka.

Rehema akaivaa. Nyumba nzima tukamsindikiza hadi Mtaa wa Msimbazi kwa vigelegele, wenye maduka wakatoka nje kutazama. Akanishika mkono: "Dada Anna, na wewe twende kwenye mahafali." Nililia barabarani, mwanangu, wala sikuona haya. Nikaenda hivyo hivyo na jivu langu.

Sasa wewe unahamia ghorofani, kila mtu na mlango wake wa chuma. Usijifungie. Wasalimie majirani, jua nani anaumwa, nani ana mtihani. Zamu yako ya kufagia ngazi ikifika, fagia bila kununa. Ukikosea, na utakosea tu, usijifiche chumbani. Toka ukarekebishe pamoja nao. Mimi sina ukoo Dar es Salaam, lakini tangu siku ile sijawahi kula sikukuu peke yangu.

Mungu akupe majirani wa kukupigia vigelegele, na akupe moyo wa kuwapigia wao kwanza. Amina.