Mlima wa Kuwinda Tuliomtafutia Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa na ombi moja tu mwaka ule, na alilitoa mezani siku ya Pasaka, wakati sisi wengine tukigombea vipande vya mwisho vya nyama. Alisema anataka tutafute sehemu ya milimani itakayokuwa yetu. Si ya kununua, alifafanua, ya kuendea. Kila kiangazi, mvua zikishakatika na mahindi yakishaingia ndani, wanaume wa nyumba ile waende huko siku chache, wawinde swala mmoja kwa kibali, wavue samaki, warudi. Babu yake alikuwa na sehemu ya namna hiyo. Baba yake pia. Yeye mwenyewe aliiacha alipoanza kulea watoto, na sasa watoto walikuwa wamekua.

Mimi ni mtu wa kuja. Nilizaliwa Kilimanjaro, nikaja Karatu kuendesha magari ya watalii, nikaoa hapa hapa kwa wakulima ambao makaburi ya babu zao yako shambani kwao. Kwetu kwenye migomba sikuwahi kumwona mtu akirudi na swala begani. Wanyama nawajua kwa kuwaonyesha tu: nasimamisha gari, nanyoosha kidole, wageni wanapiga picha, tunaondoka. Lakini mzee aliposema "wanaume wa nyumba hii" aliugeuza uso upande wangu, na nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuja na jibu kabla hata hatujanawa mikono. Yeye ni fundi umeme Arusha, ana bunduki aliyoisajili na anaitunza kuliko gari lake.

"Loliondo," alisema. "Kuna rafiki yangu anaishi karibu na Oloipiri. Vilima vizuri, swala kibao. Atatuulizia taratibu zote."

Mzee alitikisa kichwa. "Ni mbali. Na watu wa kule wana migogoro ya ardhi inayowatosha. Tusiwaongezee wageni wenye bunduki."

"Sasa wapi, Baba?"

"Nipelekeni kwanza Oldeani."

Tulimpeleka wiki iliyofuata, kwa Land Cruiser yangu kuukuu. Barabara ya Oldeani ilikuwa na makorongo ya mvua, na shemeji alilalamika njia nzima. Tulipita mashamba ya kahawa, tukapanda hadi pale mashamba yanapokoma na msitu wa hifadhi unaanza ghafla, kama mtu aliyechora mstari. Sote tulijua kwamba ng'ambo ya mstari ule hakuna kuwinda. Askari mmoja wa doria alitukuta tumesimama, akatuamkia vizuri na kutukumbusha hivyo hivyo.

"Najua, mwanangu," mzee alimwambia. "Nimekuja kunusa tu."

Na kweli alikuwa akinusa. Alisimama amefumba macho, mikono nyuma, ukungu ukishuka juu yetu, akasema pale chini baba yake alikuwa akimngojea pongo atoke jioni kula majani machanga. Shemeji alinikonyeza. Alidhani baba yake anazeeka kwa njia tamu. Mimi pia nilidhani hivyo.

Sehemu ya tatu niliipendekeza mimi. Ukiteremka kutoka nyanda za juu kuelekea ziwa Eyasi, hewa inageuka joto, na kuna chemchemi zinazotoka chini ya mlima na kulisha mashamba ya vitunguu. Juu ya mashamba hayo kuna vilima vya mawe na miiba. Ofisi ya wanyamapori ilimwambia shemeji kwamba upande mmoja wa vilima hivyo uko nje ya hifadhi, na mkazi anaweza kuombea kibali msimu ukifunguliwa. Na kwenye mifereji na vijito kuna kambale. Kilima na mto mahali pamoja: nilijiona nimemaliza kazi.

Tulifika asubuhi, bila bunduki, kwa kutazama tu. Tulipanda polepole. Mzee alinishika bega, nami nikaona ni heshima. Tulipofika juu shemeji alichuchumaa, akanong'ona, "Wale pale. Kwenye mgunga uliolala." Nikawaona mara moja: swala watano, dume mmoja akiwa ameinua kichwa. Shemeji alimpa baba yake darubini.

Mzee aliishika, akaiweka machoni, akakaa kimya kidogo. "Ahaa," alisema. "Nawaona. Wazuri kweli."

Darubini ilikuwa imeelekea kwenye mawe matupu, mbali kabisa na mgunga ule.

Hapo ndipo kazi yangu iliponitenda. Kila wiki nabeba watu waliosafiri kutoka mbali kuja kumwona chui, na ninapomwonyesha, yupo mmoja asiyemwona. Anaona aibu kuwachelewesha wenzake. Hivyo anasema ndiyo, ndiyo, ni mzuri kweli, huku akitazama mti mwingine. Sauti ile naijua. Ina furaha nyingi kupita kiasi na inakuja kwa kuchelewa kidogo. Sikutegemea kuisikia kwa baba mkwe wangu, mtu aliyewahi kuniambia kwamba ujanani aliweza kutofautisha ng'ombe wake na wa jirani kutoka ng'ambo ya bonde.

Tuliteremka, mkono wake begani kwangu, na sasa niliusikia uzito wake. Kila jiwe nililolikanyaga nililikanyaga kwa nguvu, ili ajue liko wapi. Yeye naye, nadhani, alijua kwa nini.

Kijitoni shemeji alituacha akaenda kuongea na mwenyekiti wa kitongoji. Mzee aliketi ukingoni akatoa mshipi mfukoni. Alifunga ndoana kwa vidole, uso ameuelekeza kwenye miti, akachomeka mnyoo, akarusha. Hakukosea hata kidogo. Baada ya muda mshipi ulikaza, akavuta kambale mweusi mnene, akamshika nyuma ya mapezi bila kuchomwa mwiba.

"Baba," nilisema. Mkwe hasemi na baba mkwe mambo ya namna ile, si kwetu wala si kwao, na nilitafuta maneno nikayakosa. "Wale swala walikuwa kushoto."

Alimtia kambale kwenye mfuko, akaufunga taratibu.

"Nilijua wewe utagundua," alisema. "Macho yako yanalipwa kwa kazi hiyo."

"Ni tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mwaka juzi. Kwanza ilikuwa kama moshi jikoni. Sasa naona mwanga, na mtu akisimama mbele yake namwona kama gunia." Alicheka kidogo. "Loliondo niliikataa kwa sababu kwenye nyumba ya mtu nisiyemjua ningejikwaa kila hatua. Oldeani nilitaka nifike mara moja, basi. Hapa pananifaa. Maji nayasikia."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mkijua, mtanihamishia Arusha. Nitawekwa kwenye kochi, televisheni inaongea mchana kutwa. Nani atawapa ng'ombe wangu maji?" Kisha akapunguza sauti, akaniomba kama mtu anayeomba maji ya kunywa. "Usimwambie mwenzako. Acha twende huu msimu mmoja."

Ningeweza kumkubalia. Nilitaka kumkubalia. Maisha yangu yote katika nyumba ile nilikuwa nikingoja aniamini kwa jambo, na sasa aliniamini kwa hili.

"Baba, kutakuwa na bunduki," nilisema. "Wewe utaishika, na mwanao atakuwa mbele yako kwenye miiba."

Maji yalipita. Upande wa pili mama mmoja aliyekuwa akipalilia vitunguu alituamkia, na mzee akamwitikia kwa furaha, akiugeuza uso kuelekea ilikotoka sauti.

"Nitawaambia mwenyewe," alisema mwishowe. "Usinitangulie."

Aliwaambia jioni ile ile, nyumbani, sahani ya makande ikiwa mapajani. Alisema kwa Kiiraqw, lugha yao, na maneno yake mengi sikuyaelewa, ila niliziona nyuso zao. Mke wangu aliweka mkono mdomoni. Shemeji alisimama akamkemea baba yake kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kisha akatoka nje, na tulimsikia akifungua na kufunga mlango wa gari bila sababu. Mama mkwe peke yake hakushtuka. Aliendelea kula. Mke wangu alipomuuliza, alijibu kwa Kiswahili, labda ili nami nisikie.

"Mnadhani kigoda chake kinakaa mahali pamoja kila siku kwa bahati? Nani anakirudisha?"

Daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba kwa jicho moja alikuwa amechelewa mno. La kulia lilifanyiwa upasuaji mwezi uliofuata. Hakuna aliyemhamishia Arusha. Walipomfungua kitambaa mimi nilikuwa safarini na wageni, lakini mke wangu alinisimulia: alimtazama mama mkwe kwa muda, akamwambia amezeeka, naye akamjibu kwamba hakuzeeka peke yake.

Msimu ulipofunguliwa tulienda. Kibali kilitoka, shemeji akapiga swala mmoja kwa risasi moja, na mzee hakuitaka bunduki. Alisema jicho moja ni la kutazamia tu. Mimi nilichuna ngozi vibaya sana, nikachekwa na wote wawili.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni kabla ya hapo, tulipofika juu ya kilima, ukungu wa asubuhi ukiwa umeshaondoka. Mzee alisimama mbele yetu na miwani yake mipya, akatazama bonde. Tulingoja afurahi. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akageuka.

"Miti imeenda wapi?"

Hatukuelewa. Akanyoosha kidole kuelekea miteremko, pale mimi nilipozoea kuona udongo mwekundu, mawe, na visiki vilivyoachwa na wachoma mkaa. Alisema ujanani mwake kule kote kulikuwa na migunga mirefu, na kwamba mara ya mwisho tulipokuja, aliposimama pale na darubini, ndiyo aliyokuwa akiitazama kichwani mwake.

"Tutafute sehemu nyingine, Baba?" shemeji aliuliza. "Bado kuna muda."

Mzee alikaa juu ya jiwe. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, kana kwamba kosa lilikuwa la kioo.

"Hapana," alisema. "Ni hapa hapa. Sasa nimepaona."

Tukakaa naye pale juani hadi shemeji alipoinuka kutafuta nyayo.