Mgonjwa Aliyeletwa Kutoka Dabani

Maloba alikaa Tororo miaka sita akisaga lenzi za watu asiowajua. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la Sulaiman, fundi miwani, ambaye babu yake alikuja na reli akabaki. Wateja waliingia kwa mbele, Sulaiman akawapima macho, na vipimo vikapitishwa kwa Maloba kwenye kidirisha vikiwa vimeandikwa kwenye karatasi. Maloba alikata kioo, akakisaga, akakiingiza kwenye fremu, akairudisha miwani kwa kidirisha kile kile. Upande wa pili aliwasikia watu wakicheka kwa furaha kwamba sasa wanaona. Yeye hakuna aliyemwona.

Jioni alipika ugali wa mtu mmoja, akaula akiwa ameelekea ukuta. Upweke ulimtafuna, na hakuna haja ya kulificha hilo. Mkewe, Benedeta, alibaki Dabani kulima mihogo na kulea watoto. Benedeta hakujua kusoma, kwa hiyo barua zake ziliandikwa na katekista wa kanisani kwao, mtu mwenye mwandiko mzuri kuliko roho yake. Kila barua ilianza kwa sala na kuishia kwa sala, na habari za nyumbani zikabanwa katikati, mistari miwili mitatu. Maloba alizisoma mara nne, mara tano, akiitafuta sauti ya mkewe humo, asiipate.

Kilichomweka mjini ni leseni. Mtu asiye na leseni aliruhusiwa kusaga na kukaza skrubu, lakini kumshika mteja usoni na kumpima, hapana. Akiipata angefungua duka lake Busia, kila jioni apande baiskeli arudi kulala kwake. Masharti aliyajua kama jina lake: miaka mitano chini ya fundi mwenye leseni, barua ya fundi huyo, mtihani wa kuandika, kisha mtihani wa mikono. Kwa mtihani wa mikono kila mmoja aje na mgonjwa wake, mtu mzima ambaye hajawahi kuvaa miwani, ampime mbele ya Mzungu msimamizi. Msimamizi alifika Tororo mara moja kila miaka mitatu. Na mwaka ule wa 1955 Sulaiman alikwisha kusema kwamba anauza duka, anahamia kwa mwanawe Kisumu. Fundi akiondoka, barua yake inaondoka naye. Kwa hiyo ilikuwa Alhamisi ile ya mtihani au basi.

Mtihani wa kuandika aliufaulu. Akamwandikia Benedeta amtafutie mzee mwenye macho mabovu. Jibu lilikuja: mgonjwa amepatikana, ataletwa Alhamisi na mjomba Oguttu, tunakuombea. Maloba alishukuru, akapiga pasi shati lake.

Alhamisi, ukumbini, wagonjwa waliingizwa kwa mlango wao, karani akaandika majina yao, kisha watahiniwa wakaitwa mmoja mmoja. Maloba aliingia na rula yake ya kupimia mboni. Kwenye kiti alikuwa ameketi Nangila, mama mkwe wake.

Kwa Wasamia, watu wa kwao Maloba, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawasemezani, hawali pamoja, hawapiti njia moja, na atakayevunja mwiko huo anawatafutia watoto wake maradhi. Maloba alikuwa ameoa miaka kumi na minne, na kwa miaka yote hiyo alimjua Nangila kwa mgongo na kwa rangi ya kitambaa chake. Siku moja alijitosa kwenye shamba la miwa la watu, akachutama humo mpaka mama huyo alipomaliza maongezi marefu na jirani barabarani, na siafu wakamla watakavyo. Leo alitakiwa kumshika kidevu, amtazame ndani ya macho, ampime kutoka mboni hadi mboni, kisha penye pua, kisha nyuma ya masikio.

Akageukia ukuta.

“Huyu siwezi,” alimnong’oneza karani.

Karani akamtafsiria msimamizi. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alisema jina likishaandikwa halibadilishwi, lakini yeye anafunga saa kumi, na mpaka hapo mlango uko wazi. Maloba alitoka nje bila kutazama nyuma. Nangila alibaki kitini, mikono juu ya magoti.

Nje alimkuta Oguttu, mjomba wa Benedeta, mzee mwenye mguu mmoja mbovu, amekaa kwenye kivuli cha ukuta anatafuna muwa.

“Nakwisha mara moja hivyo?” Oguttu aliuliza. “Mama naona sasa?”

“Mjomba, mnaniletea mama mkwe nimshike uso? Mnataka watoto wangu wafe?”

Oguttu aliacha kutafuna. “Lakini sisi nachinja mbuzi Jumamosi ilipita. Wazee yote nakuja, nafungua njia ya leo tu, wewe umshike mama upime macho. Jua ikizama, mwiko narudi. Benedeta alisema katekista aandike hiyo yote.”

“Hakuandika.”

“Mbuzi muzima hakuandika?”

Hakuandika. Mambo ya kuchinja mbuzi kwa ajili ya mwiko katekista aliyaona ya kipagani, na kalamu yake haikuwa na nafasi ya upagani. Akaweka tunakuombea mahali pake. Mungu amsamehe, maana Maloba hakuweza kamwe.

Alikimbia kurudi ukumbini. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na nusu, na kiti kilikuwa kitupu. Karani alisema mama, alipoambiwa kwamba mtahiniwa amemkataa, alitoka kwa mlango wa wagonjwa akaomba apelekwe stendi. Maloba akakimbia tena, Oguttu akichechemea mbali nyuma yake.

Basi la Busia lilikuwa limekwisha kuwasha injini. Nangila alikaa dirishani, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Maloba alisimama chini yake, na kwa mara ya kwanza maishani akafungua kinywa kumsemesha, akamsalimu kwa lugha ya kwao.

“Mulembe, mama.”

Nangila aliinamia sauti ile, macho yake yakitafuta mahali juu ya kichwa cha Maloba. “Mulembe. Wewe ni nani?”

“Ni Maloba. Shuka, mama, nikupime. Muda bado upo.”

Mama yule alisikiliza kidogo. Hakuwahi kuisikia sauti hiyo hata siku moja, hakuwa na cha kuilinganisha nayo.

“Usinitanie, mwanangu,” alisema, wala hakuwa na hasira. “Maloba nilikuwa naye chumba kimoja leo. Wazee walimfungulia njia, nami nikaoga asubuhi, nikajipaka mafuta. Ameona afadhali leseni yake ipotee kuliko kunigusa.”

“Sikujua, mama. Barua haikusema—”

“Wewe ukimwona, mwambie simlaumu. Mtu akizeeka, anachukiza.”

Basi likaondoka. Maloba alilifuata mkono ukiwa kwenye bati lake, akiita mama, mama, mpaka likaongeza mwendo na mkono ukabaki hewani. Wachuuzi walimtazama mtu mzima mwenye shati lililopigwa pasi akilia katikati ya barabara, wakampisha.

Saa kumi ilipita. Oguttu alifika akihema, akajiegemeza kwenye fimbo, akauliza mama amesema nini.

“Amesema hanilaumu,” Maloba alijibu.