Anayefuata Baridi

Jirani yangu wa kitanda cha juu, Mfilipino anayepaka watu rangi za kucha hapa Satwa, hapandi teksi kwenda disko. Kila Jumanne, siku wanawake wanapoingia bure, huvaa kandambili, hutia viatu virefu mkobani, kisha huifuata baridi: treni isiyo na dereva, duka kubwa lenye viyoyozi, kituo cha basi cha vioo. Joto la Dubai humwona kwa mbali tu.

Jumanne iliyopita nilifuatana naye. Kituoni tulibadilisha viatu. Ilibaki barabara moja ya kuvuka, nami nikataka kukimbia. Akanishika mkono kwa vidole vyake vinavyonukia rangi.

“Taratibu, mdogo wangu. Ukikimbia, uso wote utaumwaga hapa njiani.”

Akatembea kama bibi harusi. Mlangoni, warembo wa magari ya fahari walikuwa wamesimama kwenye foleni nje jotoni, wanja umewachuruzika hadi mashavuni. Mlinzi akatutazama, hatuna hata tone la jasho.

“Nyinyi mmeletwa na gari gani?”

“Letu halihitaji hata dereva,” akajibu bila kucheka.

Mlinzi akatufungulia kamba upesi. Hata kandambili zetu ziliingia bure.