Samli Kwenye Bawaba

Watu wakiniuliza laptopu gani ni imara, mgongo ndio unaojibu kwanza. Miaka ile baada ya mafuriko makubwa nilikuwa karani wa shirika moja la misaada pale Garsen, nikizunguka vijijini kuandika nani kapoteza nini. Barabara zilikuwa zimekatika, kazi ikawa ya miguu na mtumbwi. Nami nilikuwa mja mzito, tumbo limeshaanza kusema lenyewe.

Siku moja mkubwa wangu akaja kutoka Malindi na laptopu mbili. "Dada, zitembeze zote," akasema. "Utakayoniambia ni imara, hiyo ndiyo tutakayowanunulia makarani wote." Kisha akalitazama tumbo langu. "Na kazi hii ni ya kubeba. Asiyeweza kubeba itabidi apishe." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yeye alikuwa na gari.

Ya kwanza ilikuwa ya bei mbaya: nyeusi, nene, kifuniko kigumu kama sufuria, bawaba zimekaza, hakuna mwanya popote. Lakini uzito wake, weh! Ukivuka matope nayo begani, unaitukana. Ya pili ilikuwa ya bei ya chini, plastiki tupu. Ukiishika kwenye kona, kioo kinafanya mawimbi. Kibodi ilibonyea katikati, na bawaba zililia kila nilipoifungua. Ila ilikuwa nyepesi, jamani. Niliiombea dua kabisa isivunjike, maana ndiyo ingeniachia kazi yangu.

Wiki ya tatu, kijijini Kilelengwani, nilifikia kwa mama mmoja wa Kiorma, mwenyeji wangu wa kila safari. Aliponiona ninavyohema, akanipa maziwa na kunilazimisha nilale kidogo. Nilipoamka alasiri, laptopu zote mbili zilikuwa juu ya mkeka, zinang'aa, zinanukia.

"Hii kitu yako nalia," akaniambia. "Mimi napaka yeye samli."

Nyumbani kwake kila kilichokauka kilipakwa samli: ngozi, kamba, hata magoti ya wazee. Nikamwambia ile nyeusi hailii, mbona nayo kaipaka?

"Yote mgeni. Mimi napaka moja, ingine naona wivu."

Ungemkasirikia vipi mtu kama huyo? Nikacheka, na kucheka kwenyewe kukanichosha. Kisha nikawaona sisimizi. Walikuwa wanaingia ile nyepesi kwenye mianya ya kifuniko, wanapotelea chini ya vitufe. Ile nzito waliizunguka, wakatafuta pa kupenya, wakakosa, wakabaki kulamba samli ya nje. Nikaifuta kwa leso, nikaiwasha, ikawaka. Ile nyepesi nilipoitikisa, sisimizi wakamwagika na kipande cha bawaba kikaanguka pamoja nao. Haikuwaka tena.

Mama wa watu akashika kichwa. "Mimi naua yeye?"

"Hapana, mama. Ilizaliwa mgonjwa." Nikaanza kulia, naye akanibembeleza akidhani nalilia mashine.

Niliporudi Garsen mkubwa alikuwa ananisubiri. Njia nzima nilikuwa nimejiambia nitaitetea ile ya plastiki, nitasema kosa ni la samli. Lakini nikawafikiria wenzangu wa Wenje na Tarasaa, wamefika kwa mtu aliyelala njaa, halafu mashine inawafia mikononi. Roho ikakataa.

"Ile nzito," nikasema.

"Nilijua," akajibu, amefurahi. Akalitazama tumbo tena. "Sasa wewe, dada, hutaiweza."

Nilitaka kumwambia nimeibeba wiki zote hizo, tena mbili kwa pamoja. Lakini nilikuwa nimechoka mno, hata hasira haikunijia.

Zile nzito zikaletwa. Yangu akapewa mwanamume mmoja mwenye mabega mapana, ambaye hakuwahi kushika laptopu maishani mwake. Mkubwa akaniomba nimfundishe kabla sijaondoka. Nikamfundisha asubuhi nzima, kisha nikaenda zangu nyumbani.